Krenki Nyepesi ya Gari la Mafunzo

Mwalimu alikuwa amemwomba mumewe jambo moja tu: azibe pale mafuta yanapovuja chini ya injini. Basi. Lakini Gramu hakuwa mtu wa kufungua injini kisha akaifunga ilivyokuwa.

Jina hilo la Gramu alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuna chuma alichowahi kukishika asikione kinene mno. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, stadi kweli, hata waliomcheka walikiri hivyo, na tangu ujana aliota kuunda injini ya mashindano. Bahati mbaya wateja wake wote walikuwa na malori ya saruji na viazi. Gari dogo pekee lililokuwa karibu naye lilikuwa la mkewe, na mkewe alilitumia kufundishia watu udereva.

Shule ikafunga likizo, Gramu akaitoa krenki. Huo ni ule mhimili uliojipindapinda tumboni mwa injini, unaopokea mateke ya pistoni na kuyageuza kuwa mzunguko wa magurudumu. Kiwandani huwekewa vibonge vizito vya kuutuliza. Gramu aliviangalia vibonge vile kama daktari anavyoangalia kitambi cha mgonjwa. Akavikata. Akachonga kingo zake zikawa kama kisu, zipasue mafuta badala ya kuyapiga makofi, akasugua kwa msasa hadi akauona uso wake mwenyewe ukimkenulia meno. Kisha akaisawazisha kwa subira ambayo watoto wake hawajawahi kuionja. Mizani ya karakana ilikuwa ya kupimia magunia, kwa hiyo machicha ya chuma aliyapimia kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga, akaifuta kwa shati na kuirudisha.

Alipoiwasha injini na kugusa kanyagio la mafuta, ilipanda juu mara moja, bila kusitasita, kwa sauti safi kama kitambaa kinachochanwa. Gramu alilia. Akajipangia mambo yake: Jumapili shule haifundishi, na Jumapili vijana wenye magari hushindana kwenye barabara ya machimbo yaliyofungwa. Mwalimu ahitaji kujua ya nini?

Mwanafunzi wa kwanza baada ya likizo alikuwa mama mkwe wake Gramu, mkunga mstaafu aliyekuwa ameshaanguka mtihani wa udereva mara mbili, na aliyekuwa amechoka kuomba wakwe zake wampeleke kwa dada yake. Uwanja wa mazoezi ulikuwa ng'ambo ya karakana. Gramu akasimama dirishani, kifua mbele, aisikie kazi ya mikono yake.

Mama mkwe akaachia klachi. Gari likaruka kidogo, likazima. Akawasha tena. Likazima.

"Pole pole, mama," Mwalimu akasema.

"Nikienda pole zaidi ya hapa si nitalala?"

Likazima.

Hapo ndipo Gramu alipokumbuka jambo ambalo fundi wa injini za mashindano halazimiki kulikumbuka. Krenki nzito ina uvumilivu. Mwanafunzi akikosea klachi, uzito wake huibeba injini na kumstahi. Krenki nyepesi haimstahi mtu. Hupanda upesi na kufa upesi, na kwa mwenye mguu wa pupa hufa tu. Alikuwa ametengeneza injini bora kuliko zote alizowahi kuzigusa, na ilikuwa inamwaibisha mama mkwe wake mchana kweupe.

Siku zilizofuata uwanja mzima ulikuwa ni kuzima na kuwasha. Wanafunzi wawili wakahamia shule nyingine. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Mwalimu ameshindwa kumfundisha hata mama yake mzazi, na mtihani ulikuwa mlangoni. Akianguka mara ya tatu, nani tena angekuja kujifunza pale? Gramu alipekua majalala ya vyuma hadi akapata krenki nzito ya aina ile ile, akaificha chini ya meza. Lakini ili aifunge, ilimbidi aombe gari, na ili aombe gari, ilimbidi aseme. Kila asubuhi alifungua mdomo. Kila asubuhi akautia chai.

"Shikamoo mama," alimwambia mama mkwe siku ya mtihani, akitazama viatu vyake.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Niombee."

Mtihani ulifanyiwa kwenye gari la ofisi ya watahini, kuukuu, zito, pole kama ng'ombe aliyeshiba. Mama mkwe aliachia klachi kwa mguu wa mtu anayekanyaga mayai, akangoja lizime. Halikuzima. Akapanda nalo mlima, akasimama katikati, akaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Mtahini alishuka akisema hajawahi kuona mguu laini namna ile. Wanafunzi wengine wa Mwalimu nao wakapita, wote.

Nyumbani, chai ikiwa bado ya moto, Gramu akapiga moyo konde. "Mke wangu, lile gari… krenki yake niliikata."

"Najua. Tangu mkate wangu ulipomkwaruza mama meno. Nikaiangalia mizani yangu: unga haung'ai, bwana."

Gramu akakitua kikombe. "Mbona ulinyamaza?"

"Mwanzoni nilikuwa na hasira, nikasema nikungoje useme mwenyewe. Iliniuma ulivyokaa kimya. Halafu nikaanza kuwatazama miguu wanafunzi wangu, inavyolainika."

"Nimeshapata nzito. Kesho naifunga."

"Thubutu! Ukiigusa, utalala karakanani na hiyo nzito yako. Na usimwambie mtu. Watu wanasema ni ufundishaji wangu."

Wanafunzi wakawa wengi hata Mwalimu akaanza kufundisha Jumapili pia. Jumapili moja tu asubuhi aliliacha gari bila mwanafunzi, ampe mama yake alizoee. Mama mkwe akataka mkwe wake akae pembeni yake, na akachagua barabara ya machimbo, kwa kuwa ni pana.

Vijana walikuwa wamepanga magari yao. Walisogea kupisha. Mmoja akainama dirishani, akitembea nao sambamba bila kuharakisha. "Mzee, humu ndani kuna injini kweli?"

Gramu akafumbua mdomo.

"Usiwajibu hao, baba," mama mkwe akasema, mikono yote miwili kwenye usukani. Barabara ilikuwa imenyooka mbele yao hadi macho yanapoishia, na chini ya miguu yake Gramu alisikia krenki ikinong'ona, tayari. "Unaona lakini? Siku hizi wala halizimi."

"Halizimi, mama," akasema Gramu, na akageukia dirisha ili mama mkwe asiyaone machozi yake.