Mimbari Iliyochipuka

Kwa kuwa Kiilu alikuwa Mkamba, majirani zake wa mtaa wa Tena, Nairobi, waliamini kwamba alizaliwa na patasi mkononi. Ukweli ni kwamba alizaliwa Makadara, alikuwa karani wa kampuni ya bima mjini, na kule Wamunyu kwa wajomba zake wachongaji alifika Krismasi tu, akala nyama, akarudi. Lakini aliitwa fundi miaka nenda miaka rudi, hata naye akaanza kuamini.

Akajiundia mashine ya kukereza mbao kwenye ua wa nyuma. Kanyagio na gurudumu alivitoa kwenye cherehani ya mkewe, Mbinya, wakati mwenyewe ameenda kumuuguza mama yake. Mbinya aliporudi alikuta cherehani imelazwa juu ya kabati kama mgonjwa aliyekatwa miguu.

"Baba Muthoki, hii ni nini umefanya?"

"Ni mashine, Mama Muthoki. Mimi nakanyaga, mti unazunguka, nashika patasi hivi, kitu kinatoka mviringo."

"Na sare za watoto nizishone kwa meno?"

Siku hiyo nyumba haikukalika. Kiilu akahamia uani na mashine yake. Akakereza mchi, ukatoka umepinda. Akakereza vikombe, chai ikapita chini. Akakereza kigoda, akampa jirani zawadi, na jirani akaanguka nacho mbele ya wakwe waliokuja kuzungumza mahari.

Sasa mwaka ule wa mvua ya El Nino, mchwa waliimaliza mimbari ya kanisa lao, kanisa dogo la mabati upande wa Kariobangi. Mchungaji Mulama alitangaza kwamba askofu angewatembelea na hakuna pa kuweka Biblia. Kabla hajamaliza kusema, Kiilu alikuwa amesimama. Mbinya alimvuta koti kwa nyuma, lakini alikuwa amechelewa.

"Mchungaji, hiyo kazi niachieni mimi."

Waumini wakapiga makofi. Yule jirani wa kigoda hakupiga.

Mbao Kiilu alipata bure. Mti mkubwa ulikuwa umeangushwa na mvua huko mtaa wa Lucky Summer, karibu na mto, naye akawalipa vijana wa mkokoteni wamletee vipande vilivyonyooka. Njiani yeye na vijana hao walipita kwa Ochola, rafiki yake aliyetengeneza vitanda Kariobangi. Ochola alikwangua gogo kwa ukucha, ukucha ukatoka na maji.

"Kiilu, hii mti bado iko hai. Iweke kwanza ikauke mpaka mwaka ujao."

"Askofu anakuja mwezi ujao."

"Basi mwambie askofu angoje."

Kiilu alicheka, akaenda zake. Na alipoanza kukereza alimwona Ochola kuwa mtu wa wivu, maana yeye Kiilu hakuwahi kupata mti mtamu namna ile. Patasi iliteleza yenyewe, maranda yakatoka marefu kama utepe, na maji yakamrukia usoni akawa anajifuta kwa mkono wa shati. Miguu minne ilitoka imenyooka, yenye mafundo na mabonde kama alivyoota. Katikati ya kila mguu aliacha pete ya gamba la mti lenyewe, kwa urembo. Hata Mbinya alizunguka ile kazi akiwa amejishika kiuno, akatafuta kasoro, akakosa.

"Haitingishiki," alisema, na Kiilu alilala akitabasamu.

Mimbari ikawekwa kanisani. Mabati yalivuja palepale ilipokaa, na Nabwire, mama aliyesafisha kanisa, alipiga deki kila asubuhi, akiizungushia miguu ile tambara lenye maji. Ikawa hivyo mpaka mchana mmoja kina mama walipokuja kuomba, wakamkuta Nabwire amepiga magoti na ndoo imemwagika.

"Imechipuka!" alisema. "Njooni muone! Fimbo ya Haruni imechipuka Kariobangi!"

Kweli, kwenye pete moja ya gamba kulikuwa na majani mawili, mabichi, laini kama masikio ya panya.

Jumapili iliyofuata watu walikaa mpaka dirishani. Walitoka mtaa wa Umoja, walitoka mtaa wa Baba Dogo. Mzee mmoja alileta goti lake bovu liguse mguu wa mimbari. Kiilu alikaa nyuma kabisa. Alikuwa amemuuliza mjomba wake Kyule kwa simu ya kibandani ule ni mti gani, akaambiwa, "Huo? Huo tunakata matawi tunachomeka ardhini yanakuwa ua wa kuzungushia boma. Hata ukiutupa barabarani unaota. Kwani umeufanya nini?" Kiilu akasema pesa za simu zimekwisha.

Akaamua kuung'oa muujiza kimyakimya. Akatoroka kazini saa ya chakula, koleo mfukoni, akaingia kanisani, akapiga magoti, akaanza kunyofoa. Mara akasikia viatu. Kina mama wa maombi walimwona fundi amepiga magoti mbele ya kazi yake, machozi yakawatoka, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani. Walimwombea mpaka miguu ikafa ganzi. Alirudi ofisini akichechemea, mifuko imejaa majani. Na palipokuwa na chipukizi moja, siku chache baadaye pakawa na matatu.

Jumapili ya ushuhuda Kiilu hakuvumilia tena. Alisimama, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nataka kusema ukweli."

"Amina!"

"Hii mbao ilikuwa mbichi."

"Haleluya!"

"Sikilizeni! Hakuna muujiza hapa. Ni mti wa ua, na mimi sikuukausha!"

"Asifiwe!" Ngoma ikapigwa. Mtu akaanzisha pambio. Kiilu alibaki na kipaza sauti kinaning'inia, mpaka Nabwire alipoinua mkono watu wanyamaze.

"Ndugu Kiilu," alisema kwa upole, "mimi ni mtoto wa shamba. Huo mti nimeupanda na mama yangu nikiwa msichana. Nani hapa hajui kwamba mti mbichi unaota?"

Watu wakatazamana. Karibu wote walikuwa watoto wa shamba.

"Sasa muujiza ni upi?" Kiilu aliuliza.

"Vitu vyako tunavijua. Mchi tuliona. Vikombe tuliona. Kigoda," na hapa akamgeukia jirani, "tuliona na wakwe wakaona. Hiki ndicho kitu chako cha kwanza ambacho hakikufa. Na sisi tukamshukuru Mungu."

Kanisa lilicheka mpaka mabati yakatetema. Mbinya alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakiruka. Kiilu alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka nao.

Askofu alipokuja, mguu mmoja ulikuwa umeanza kukauka na kujikunja, mimbari ikawainamia watu kama inayotaka kuwasalimia. Alihubiri ameikumbatia, Biblia ikiteleza, tawi likimpapasa kidevu. Mwishowe alifunga Biblia.

"Nani ametengeneza hii?"

Vidole vyote vikamwelekea Kiilu.

"Ndugu, wewe ni seremala au mkulima?"

"Mimi ni karani, Baba Askofu."

Mimbari mpya alikuja kutengeneza Ochola, kwa mbao zilizokauka mpaka zinalia ukizigonga. Ile ya kwanza ilifumuliwa, na Nabwire akaichomeka miguu yake minne kando ya ua wa kanisa. Yote minne ilishika, hata ule uliojikunja. Baada ya misimu michache ya mvua ilikuwa na kivuli cha kutosha watu kukaa baada ya ibada, na Kiilu hakuacha mgeni apite bila kumwonyesha.

"Unaona miti hiyo?" husema, akiweka mikono mfukoni. "Nimeikereza mimi."