Ng'ombe Washuke Kwanza

Volkano ya Merapi ilipoanza kunguruma tena, Suminten alipanda kwa shemeji yake, Paijan. Katika mlipuko uliopita mumewe alihama salama, kisha akarudi kuwakatia ng'ombe majani. Wingu la moto likamkuta zizini.

"Shemeji, shuka."

"Na hawa ng'ombe wawili nimwachie nani? Utawakamua wewe?"

"Kaka yako naye aliuliza hivyohivyo."



Suminten alikuwa amechoka kubembeleza. Akafungua kamba ya ng'ombe mwenye mimba, akaanza kumvuta kuelekea bondeni.

"We mwanamke, utamwangusha huyo!"

"Basi njoo umshike mwenyewe."

Paijan akamfungua wa pili, akafuata akilalamika njia nzima.  Suminten alitembea tu.