Tayari Ipo

Mimi ni fundi wa mafriji. Shule niliacha darasa la sita, lakini kusoma najua, na hilo ndilo linaloniuma.

Miaka kumi na moja nilisoma kipimajoto cha friji la chanjo pale zahanati, asubuhi na jioni, hata Jumapili, nikaandika daftarini. Kisha nikamleta shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aandike programu ya kutupunguzia kazi: friji likipata joto, simu zetu zilie. Nilimsifia kwa daktari kwa mdomo wangu mwenyewe.

Aliiandika kwa lugha mpya ya kompyuta aliyoipenda kama mchumba. Programu ikakaa kwenye kompyuta za kukodi huko mbali, wenyewe wanaziita wingu, na huko ndiko iliko injini inayoiendesha lugha hiyo. Bila injini, programu ni maandishi tu. Siku ananionyesha, niliona juu ya ukurasa mstari mdogo: injini hii ni ya majaribio, inaweza kubadilishwa wakati wowote, isitumike kwa kazi rasmi.

Nikamuuliza. Akacheka.

"Hata wewe, shem, tulikuchukua kwa majaribio. Mbona mpaka leo hatujakurudisha?"

Daktari akaingia, mama asiyependa maneno mengi.

"Ipo tayari?"

"Tayari ipo, daktari."

Maneno ni yale yale mawili, yamegeuzwa tu. Yeye aliuliza kama imeiva. Shemeji alijibu kwamba imeshawekwa. Hakusema uongo. Daktari akaniangalia mimi, nami nikaangalia friji, maana asubuhi ile mke wangu alikuwa ameniambia nisije nikamharibia mdogo wake. Nikaambiwa daftari sasa basi.

Miezi mitatu mambo yalikwenda. Ijumaa moja wenye wingu wakabadilisha injini, na programu ya shemeji ikagoma kuwaka. Hakuna aliyejua. Jumamosi mchana umeme ukakatika zahanati. Simu yangu ilikuwa mezani, kimya, nami nikala nikashiba nikisifu kazi ya shemeji.

Jumatatu umeme ulikuwa bado haujarudi. Kipimajoto kilisoma ishirini na sita, wakati mwisho ni nane. Chanjo zote za surua zilikuwa zimeharibika, za kuchomwa moto. Shemeji alikaa kwenye ngazi na kompyuta mapajani, akirudia kwamba wale wenye wingu walionya, waliandika wazi.

Daktari hakupaza sauti.

"Fundi, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilisoma."

Kisha akasema, kama nilisoma, basi nitoke mimi nikawaambie walioko nje.

Foleni ilifika getini. Mama wa kwanza, mtoto mgongoni, aliuliza kama chanjo ipo tayari. Nikamwambia haipo, arudi baada ya wiki sita. Akasema mtoto wa jirani ameshaanza kutoka vipele, sasa yeye afanyeje na huyu wake.

Nikamwambia asogee, nimwambie wa pili.