Ndama Ndani ya Hema

Nyumba yao ya Yamumbi ilipochomwa baada ya uchaguzi, Muthoni aliokoa binti yake Tabby na ndama mmoja. Katika kambi ya wakimbizi walikokimbilia wezi walikuwa wengi, basi ndama akalala nao ndani ya hema, ubavuni mwa mtoto.

Haukupita muda Tabby akashikwa na kizunguzungu. Akisimama anapepesuka kama mlevi, akilishwa uji anatapika wote. Dawa za malaria hazikusaidia kitu.

"Ni hofu ya vita, Mama Tabby," Wambũi wa hema la pili, aliyelaza mbuzi wake ndani vilevile, akamwambia. "Wewe omba tu."

Aliomba mpaka sauti ikamkauka. Tabby naye analia, "Mami, nishike, naanguka!" na huku amelala chini.

Siku alipomnyoa nywele ili kichwa kipoe, Muthoni aliona kidonda cheusi nyuma ya sikio, na kando yake kupe amevimba, bado ananyonya.

"Uuwi! Si hofu hii, ni kupe wa ndama!" Akambeba mgongoni, akamfungua ndama, akamsukumia nje.

"Wataiba!" Wambũi akapiga kelele.

"Waibe! Na wewe toa mbuzi wako, ukague watoto masikio!" Akakimbia kwa daktari, matapishi ya moto yakimteremka shingoni.