Kwa Kutii Amri ya Mfalme

Elkanah Nyaberi alikuwa na hasira na watu waliokufa karne tatu zilizopita. Walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa, na kosa lao lilikuwa kutia sahihi. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne alifuta sheria iliyowaruhusu kuabudu kwa njia yao. Kabla ya hapo alikuwa ameshawatumia askari wa farasi, wakalala katika vitanda vyao, wakala akiba yao, wakapasua viti kuwashia moto, mpaka mwenye nyumba aseme basi, leteni hiyo karatasi. Wengi walikana imani yao kwa maandishi. Baadhi, ili kujipoza moyo, waliongeza pembeni maneno machache: kwa kutii amri ya mfalme.

Maneno hayo ndiyo yaliyomkera Elkanah. Mungu hasomi pembeni mwa karatasi, aliandika katika tasnifu yake, na profesa wake akauliza kwa penseli, kwa upole, kama hiyo ilikuwa historia au mahubiri. Nyani haoni kundule.

Maana huyu mkali wa wafu, mtoto wa Wasabato wa Nyamira, aliyelelewa asiguse jembe tangu jua la Ijumaa linapotua, alikuwa akifanya kazi kila Jumamosi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Crystal, mji wa ng'ambo alikokwenda kusoma. Yeye hakutumiwa askari. Alipewa fomu. Msimamizi wake, Stacy, mama mwenye kucheka sana, alimwonyesha mahali pa kujaza siku ambazo hangeweza kuja. Kalamu ikasita. Masomo yalishika katikati ya juma, karo haikuwa na subira, na Elkanah akaandika: hakuna. Stacy hata hakuitazama.

Tangu hapo ni mwaka wa pili. Kila Jumamosi aliamka gizani huko Columbia Heights alikopanga chumba, akapanda mabasi mawili katika theluji, akaanza zamu saa moja asubuhi. Saa hiyo kwao ilikuwa saa kumi jioni, na Sabato ilikuwa inakwisha bila yeye. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa na siku yake maalumu. Siku nyingine sita aliweza kuzivumilia.

Februari ilikuja barua ya baba yake. Mwalimu Nyaberi alikuwa karani wa kanisa kwa miaka thelathini na mmoja, na kitabu cha washiriki alikitunza kama mboni ya jicho. Ndiye aliyeandika humo kwamba ndugu yake wa tumbo moja ameondolewa kwa sababu ya pombe, kisha jioni akampelekea chakula.

Kwao, mshiriki akihamia mbali, kanisa jipya huandika kuomba barua yake ya uhamisho. Barua ya Elkanah haikuwa imeombwa na mtu. Baba alieleza kwamba mwisho wa Machi baraza lingepitia majina ya waliopotea, kisha kanisa lipige kura kuwafuta, na karani ndiye msomaji. Asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mlango ulikuwa wazi bado. "Niandikie tu kwamba unaitunza Sabato huko uliko," aliandika. "Neno hilo nitalipeleka mbele ya baraza, na jina lako litabaki."

Elkanah alimwonyesha Serah, Mkenya mwenzake wa zamu, msichana wa Thika asiye na makuu. Serah alisoma huku akikunja shuka.

"Si u-write tu ati unaendanga," alisema. "Kwani nani ata-check? Mamangu anajua niko kwa choir, na hiyo church sijawahi ingia."

Elkanah alicheka, na moyo wake ukaumia. Jumapili alikaa mezani akaandika: Baba, ninaitunza. Akaichana. Akaandika tena, akachana tena. Aliona aibu, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliijua ile meza ya Ufaransa, na karatasi, na watu wanaokusubiri useme neno dogo tu ili mambo yaishe. Mwishowe aliandika ukweli wote: fomu, Jumamosi, na kwamba hakuna mfalme aliyemlazimisha. Aliomba jina lake lisomwe. Alitumbukiza barua katika sanduku la posta mwenyewe, asije akabadili nia.

Machi ilipita. Katikati ya Aprili jibu lilikuja, ukurasa mmoja, mwandiko ule ule ulionyooka.

"Mwanangu, barua yako nimeichoma, mama yako hakuiona. Tulipofika kwenye jina lako niliwaambia wazee kwamba wewe ni mgonjwa na huwezi kutoka nje. Waliamini kwa kuwa ni mimi niliyesema. Nimeandika hivyo kitabuni kwa mkono wangu. Kanisa linakuombea kila Sabato. Usiniandikie tena habari hiyo."

Aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi, koti bado mwilini. Jina lilikuwa limebaki. Angeona afadhali likatwe mara mia kuliko mzee yule kuandika uongo katika kitabu kile, uongo wake wa kwanza, kwa ajili yake. Alitaka kumwambia mtu. Alipitisha majina kichwani, na la mtu ambaye angeelewa lilikuwa moja tu, la baba yake, naye alikuwa amemkataza kuandika.

Jumamosi alikwenda kazini kama kawaida. Saa moja na robo alikuwa akimlisha uji mzee Martin, na huko Nyamira watu walikuwa wamepiga magoti, wakimtaja. Kijiko kilisimama hewani. Mzee alimtazama usoni, akamuuliza kama anaumwa.

"Ndiyo," alisema Elkanah. "Naumwa."