Kiti cha Watu Wawili

Haya ni kweli tupu, na nikitia chumvi hata ya kuonja, ulimi wangu ukauke. Yametokea hapa hapa Kainuu, kaskazini mwa Ufini, msimu ule ambao baridi ilikuwa kali hata kunguru wakawa wanatembea kwa miguu, wakiogopa mbawa zisije zikavunjika.

Ahti Korhola aliendesha mashine ya kukata miti, ile yenye mkono mrefu wa chuma unaoushika msonobari, kuukata, kuupukutisha matawi na kuulaza vipande vipande kabla hujamaliza kupiga chafya. Kazi yote iko vidoleni: vijiti viwili, vitufe tele, na mtu ameketi kutwa. Mashine ilikuwa moja, waendeshaji wawili. Ahti aliingia alfajiri, Jalmari akampokea mchana. Wakipishana kwenye ngazi walitikisiana vichwa. Siku wakichangamka sana, mmoja alisema "baridi," mwenzake akajibu "mm."

Tangu theluji ya kwanza, mkono wa kulia wa Ahti ulikuwa ukifa ganzi. Kilianza kidole cha mwisho, kikafuata jirani yake, mpaka ikawa akibonyeza kitufe lazima atazame kuona kama kweli amekibonyeza. Hakumwambia mtu. Mezani kijiko kilimtoka.

"Kimeponyoka," akasema.

"Naona," mkewe Raili akajibu. "Cha tatu wiki hii."

"Kimelowa."

"Uji wenyewe hujaugusa, we mzee. Kimelowa nini?"

Ahti akahamishia kijiko mkono wa kushoto, akala kama mtoto anayefundishwa.

Kilichomtia homa zaidi ni taarifa ya kampuni: mtaalamu wa viungo angekuja msituni kuangalia waendeshaji wanavyokaa. Mwenzao Ensio aliangaliwa hivyo hivyo, na sasa yuko bohari, anagawa glovu. Ahti hakuwa amejua kazi nyingine tangu ujana. Kila msonobari uliolala ulimwambia: glovu, glovu.

Mtaalamu akaja, binti aitwaye Sanelma, akajibana ndani ya mashine, kwenye kiti kidogo cha kukunja nyuma ya Ahti. Ahti akafanya kazi huku jasho likimchuruzika mgongoni. Mti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili pia. Wa tatu kidole kikachelewa, gogo likateleza, likapiga kisiki na kuruka pembeni.

"Zima," Sanelma akasema.

Injini ikanyamaza. Ahti akatazama mbele tu.

"Bega lako liko sikioni, kama umebana simu. Unakaa hivi siku zote?"

"Kiti ndivyo kilivyo."

"Na kiwiko kimelalia ukingo wa hicho kiegemeo cha mkono. Mshipa unabanwa kutwa nzima. Kwa nini hukishushi?"

Ahti akajikohoza. "Ni cha Jalmari. Yeye ndivyo anavyopenda. Sikutaka kumchezea kiti chake."

Jalmari alikwisha fika kupokea zamu, amesimama kwenye ngazi, mlango wazi, masikio wazi.

"Mimi?" akasema. "Mimi nakichukia. Nilidhani ni wewe."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Jalmari akavua glovu, akanyoosha mkono wake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja, hakitaki kunyooka.

"Kiegemeo kilipandishwa na fundi, matengenezo ya vuli," akasema polepole. "Fundi yule mfupi."

"Basi nyote wawili mmekalia kiti cha fundi," Sanelma akasema, "kwa adabu."

"Dada," Ahti akauliza, na sauti haikuwa yake, "nakwenda bohari?"

"Sijui bado. Kila zamu rekebisheni kiti, kila mtu kwa mwili wake. Mara kwa mara shukeni, tembeeni, nyoosheni mikono. Theluji ikiyeyuka nitakupima tena. Mkono usiporudi, nitakwambia ukweli."

Ahti akashusha kiegemeo palepale. Bega likatua, vidole vikafunguka, na siku ile ile aliokota sindano ya Raili kwenye theluji, giza linaingia, bila miwani.

Hivyo ndivyo nilivyosimulia kwenye mkahawa wa dukani, na watu wakapiga meza. Kumbe Ahti alikuwa nyuma yangu, anavua kofia.

"Sindano gani?" akauliza.

"Ile ya Raili."

"Raili hashoni." Akaweka mkono wake wa kulia mbele yangu, juu ya meza. "Choma hapo kwa uma. Sitajua."

Sikuchoma. Theluji bado ilikuwa inafika magotini huko nje. Kwetu anayekutwa na uongo hununua keki na kahawa kwa meza nzima, nami nikanunua, kubwa, ya krimu. Ahti alikata kipande chake taratibu kwa mkono wa kushoto, akaniuliza kama naona dalili zozote za theluji kuyeyuka. Nikamwambia sioni.