Saa Isiyo na Betri

Jumanne, saa mbili asubuhi, Yudith alimwachia jirani ufunguo wa banda la mbuzi, akatoka Miyuji kwenda mjini kununua saa ya mkononi. Hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa na simu ya kitochi, nayo ilikuwa haikosei. Lakini wiki iliyopita, pale ofisi ya viwanja, simu ilisema saa nne kamili. Bwana Gerson wa dirishani akatazama saa yake nzito ya dhahabu, akasema, "Shikamoo mama. Ni saa nne na dakika tatu. Umechelewa. Njoo Jumatano ijayo."

Benchi zima likaiamini ile saa. Ndipo Yudith akauza maksai wawili mnadani.

Alichokifuata ni hati ya kiwanja chao. Mumewe, Damas, alifariki miaka minne iliyopita kabla haijatoka, na kila jua likizama alikuja kuiulizia. Alikaa mlangoni kwenye kigoda chake, na suti aliyozikwa nayo, akanusa mlenda, akauliza, "Wamesema nini?" Baada ya hapo waliongea habari za mbuzi mpaka giza likamilike, akaondoka. Alishasema kwamba hati ikitoka atapumzika.

Dukani, Halfani, muuza saa, alitandika kitambaa cheusi juu ya kioo.

"Shikamoo mama. Ya mzee?"

"Marahaba. Yangu."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Basi dhahabu iache kwanza. Wanaoanza wote wanaanza na dhahabu, halafu wanajuta. Lete mkono." Akamjaribishia moja pana. "Hii siyo umeivaa, mama, hii imekuvaa."

Akabakiza mbili. "Hii ina betri. Miaka mitatu hujaigusa, haikosei. Hii nyingine haina betri, inakula mwendo wa mkono wako. Ukitembea, inatembea. Ukitulia sana, nayo inatulia."

Yudith aliiweka sikioni ile ya betri. Ilikuwa kama mtu anayehesabu. Akaiweka ya pili. Ilikuwa kama mtu anayepumua usingizini, na kitu hicho hakuwa amekisikia nyumbani kwake kwa miaka minne.

"Nipe hii."

"Ukiisahau mezani itasimama, mama."

"Nimezoea kinachotaka kushughulikiwa."

"Mzee ataipenda."

"Ataiona jioni. Ni marehemu."

Halfani alichungulia jua nje. "Basi nikufungie upesi, usimkose."

Kesho yake, saa nne kasoro dakika mbili, Yudith alikuwa dirishani. Bwana Gerson akatazama saa yake, akatazama ya Yudith. "Haya mama. Kaa hapo, usiondoke. Saa nne hii hii naitia hati yako sahihi." Akaingia ndani.

Yudith alikaa kama anavyokaa kanisani, mgongo wima, mikono mapajani. Hakusogeza hata kidole, asije akaambiwa hakuwepo. Ilipofika saa nne kamili saa ikatulia. Jua nalo likatulia, juu kidogo ya paa la ofisi.

Watu walikwenda kula, wakarudi, ikawa bado saa nne. Mama ntilie akabandika sufuria la pili.

"Saa nne ya leo ndefu," mtu mmoja alisema.

"Acha iwe ndefu, nimefua mablanketi," mwenzake akajibu.

Anthony, mlinzi, aliinama karibu na Yudith. "Mama, usitikisike. Ikiwa saa nne bado, hawezi kusema muda umepita. Safari hii unaipata."

"Yuko wapi?"

"Ndani. Chai ya tano."

Yudith akaendelea kutulia. Alisali sala zote alizozijua kwa moyo, akazirudia. Kisha akakikumbuka kigoda. Jua lisipozama, Damas hafiki. Alimwona moyoni amesimama mahali njiani, na suti yake, akingoja, naye hakuwa mtu wa kulalamika.

Aliutazama mlango wa Bwana Gerson. Ulikuwa umefungwa.

Akainua mkono, akautikisa mara mbili, kama mtu anayekung'uta maji. Saa ikaanza kupumua. Jua likavuka utosi, likateremka haraka, kama mfanyakazi aliyechelewa. Mlango ukafunguka, Bwana Gerson akatoka na funguo za gari.

"Aa, mama. Muda umepita. Njoo kesho, saa nne."

Anthony alitikisa kichwa. Yudith akamuaga, akarudi Miyuji kwa miguu, akiirusha mikono njia nzima.

Damas alikuwa ameshakaa. Viatu vyake vilikuwa na vumbi.

"Leo nimesimama sana njiani," alisema.

"Najua."

Akaushika mkono wa mkewe, akaweka sikio kwenye saa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Wamesema nini?"

"Nije kesho."

"Haya," Damas akasema, akakisogeza kigoda karibu. "Basi na mimi kesho."